Treni Haikai Sana Ruiru

Kamenu, Thika
Januari 20, 1957

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na baada ya salamu naliuliza goti lako. Nikikuuliza wewe utasema u mzima, kwa hiyo naliuliza lenyewe: je, linapanda kilima cha shambani bila kulalamika? Sisi huku hatujambo. Makau mdogo ametoa jino la nne na sasa anauma kila kitu, hata mguu wa meza. Dada yake Mbula anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba siku hizi anavuka mtaro bila kushikwa mkono.

Mama, barua ya mwanao Mulei imefika. Kiwanda cha nguo kimempa vyumba viwili vya matofali huko Jinja, vyenye mabati mapya na bomba la maji nje ya mlango, na anasema nifunge mizigo tumfuate. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelainika. Anasema nyumba iko karibu na mahali mto mkubwa unapotoka ziwani, na asubuhi kabla ya king'ora cha kiwanda huwa anasikia maji yakienda. Nikijilaza hapa mchana nayasikia na mimi. Kisha nafungua macho, kumbe ni malori ya barabara ya Fort Hall.

Kibali changu bado. Unajua sisi Wakikuyu tangu mambo haya ya msituni hatuvuki daraja bila karatasi, hata kuja kwako Ruiru ni safari ya kupiga magoti ofisini. Nimekwenda mara tatu. Karani ameandika jina langu na la baba yangu na la mlima wetu, akaniambia ningoje. Basi nangoja huku nikifunga.

Mume wa jirani yangu Nafuna ni seremala, naye amenitengenezea sanduku la mbao refu kama mtu. Limekuwa kitu cha ajabu nyumbani. Naweka vitu, Mbula anavitoa. Jana nilimkuta amelala ndani yake, amejifunika pazia, akaniambia amefika Nakuru na nisimwamshe mpaka Jinja. Nilikaa chini kando ya sanduku nikimtazama. Jua lilikuwa limeingia mlangoni, vumbi likielea juu yake bila kushuka, na nadhani na mimi nilikwenda mahali, maana niliporudi maharagwe yalikuwa yameungua.

Nafuna, ambaye kwao ni karibu na mpaka wa Uganda, anasema wenyeji wa Jinja ni watu wa ndizi, mbaazi zetu sitaziona. Naomba mbegu zako, Mama. Wewe umekataa kuja nasi na nimechoka kukubembeleza, lakini mbegu hazijakataa.

Mkwe wako,
Waithira


Ruiru
Februari 3, 1957

Mwanangu Waithira,

Salamu zako nimezipata, na goti nalo limezipata. Linasema lisingefungwa kwangu lingekuwa limefika mbali. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mwambie Makau aache kuuma meza. Marehemu babu yake aliyempa jina hakuwa mtu wa kuuma meza, alikuwa akiuma watu kwa maneno tu.

Leo nimetoka kanisani nikakaa mlangoni na kalamu. Unajua nilijifunza kuandika nikiwa na mvi tayari, na kila herufi naivuta kama mbuzi mkaidi, kwa hiyo usicheke mistari yangu ikipanda kilima.

Nyumba ya matofali ni jambo kubwa. Nimeiota. Mlango wake ulikuwa upande wa maji, na maji yalipita ndani ya nyumba, chini ya vitanda, polepole, wala hayakulowesha kitu. Mulei alikuwa ameketi akivua viatu. Nikamwuliza, hamyaogopi haya? Akaniambia, Mama, haya yametuzoea. Niliamka nikicheka peke yangu.

Mbegu atakuletea Absalom, yule dereva anayeleta kahawa yetu huko kwenu Thika kila wiki. Zimo kwenye kibuyu, nimezichanganya na jivu zisiliwe na wadudu. Usimwage jivu. Usimgawie mtu kabla hujapanda zako. Mimi nilipewa na mama mkwe wangu siku nilipoingia kwake kule Yatta, nikazileta hapa nazo zikaukubali udongo. Zina moyo mwepesi kuliko mimi. Mimi nimehama mara moja, na mara moja inanitosha.

Sasa nina neno. Nimelizunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niachie Mbula.

Mtoto aliyepewa jina la bibi, susu kwa Kikamba chetu, ni wa bibi. Kwetu ni hivyo, na kwenu Wakikuyu ni hivyo hivyo. Hulala kitandani kwake, humchotea maji, na siku ikifika humfumba macho. Mulei mwenyewe hamwiti mtoto huyu kwa jina, humwita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu huyo ni mimi. Nina mwana mmoja tu chini ya jua na amekuwa mtu wa Uganda. Wewe una Makau na utapata wengine. Niachie huyu mmoja. Usinijibu haraka.

Mama yako, Susu ya Mbula


Kamenu, Thika
Februari 17, 1957

Mama,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Sisi ni wazima ila mafua kidogo, na joto la mwezi huu limetufanya tutembee kama watu waliosimama usingizini. Goti naliombea.

Kibuyu kimefika. Absalom alikipakata njia nzima, anasema hakuthubutu kukiweka nyuma na magunia kwa sababu ulimtisha. Nilipokitikisa sikioni mbegu zilisema kitu kwa chini, kule ndani ya jivu. Mbula alitaka kusikia naye. Alisikiliza muda mrefu, akasema zinauliza kama tumefika.

Sanduku linajaa. Nimeweka sufuria ndani ya sufuria, vikombe ndani ya sufuria, na chumvi ndani ya vikombe. Pazia nimelitia nikalitoa nikalitia tena, kwa kuwa sijui madirisha ya Jinja ni makubwa kiasi gani. Picha ya arusi yetu, ile ambayo wewe umefumba macho, nimeizungushia gauni langu la kanisani. Kinu hakiingii. Nimekigeuza kila upande, kinanitazama tu. Kitanda atachukua Nafuna. Na jambo moja geni, Mama: nyumba ikianza kubaki tupu, sauti zetu zinarudi. Nikisema "Mbula, njoo," ukuta unasema "njoo" baada yangu kidogo, nami nageuka kumtafuta aliyeita.

Karani aliniuliza Jinja ni wapi. Nilimwonyesha kwa mkono upande linakotua jua, naye akaandika.

Wewe umeota maji, mimi naota treni. Haina watu. Vitu vyetu ndivyo vimekaa vitini, sufuria dirishani, ufagio karibu na mlango, vyote vimetulia kama wazee wa kanisa. Natembea katikati nikitafuta tulipokaa sisi. Sijawahi kutupata kabla ya kuamka.

Habari za kanisa? Kalondu jirani yako amepona kifua? Mvua imeonekana huko? Hapa mawingu yanakuja kila jioni yanatuchungulia na kwenda zao.

Mkwe wako akupendaye,
Waithira


Ruiru
Februari 24, 1957

Mwanangu,

Nimepokea. Hatujambo. Kalondu amepona, mvua bado.

Barua yako ni ndefu na tamu. Umejibu kila nililoandika na hata ambalo sikuandika. Neno moja umeliruka jinsi mtu anavyomruka nyoka njiani, bila kumtazama.

Nilisema usijibu haraka, sikusema usijibu. Wala sitaki kukukumbusha mwaka wa msako. Sitaki kusema ni nani alimfua na kumlisha mtoto huyu miezi minane mama yake akiwa ndani ya seng'enge. Sikusema mimi. Ni kalamu imesema.

Mama yako


Kamenu, Thika
Machi 24, 1957

Mama,

Nakuamkia. Najua mwezi mzima umepita. Absalom amepitia hapa mara nne, na kila mara nimemwambia barua haijawa tayari, mpaka Alhamisi akaniuliza kama naipika. Sisi ni wazima, nawe natumai hujambo.

Kibali kimetoka. Kimeandikwa Thika mpaka Jinja, Jumamosi tarehe 13 Aprili, treni ya asubuhi, na kwamba mwenye kibali hana ruhusa ya kushuka njiani ila kubadilisha treni Nairobi. Nilikishika nikaona herufi zinaogelea. Nafuna alidhani ni furaha, akanikumbatia.

Nilikukasirikia, Mama, na ni afadhali niseme. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Mwaka ule wa 1954 askari walipolizunguka shamba, ni wewe uliyesimama mlangoni ukawaambia mimi ni Mkamba, binti yako wa kumzaa. Hawakukuamini na lori lilinichukua, lakini ulisema, mbele ya bunduki. Kisha ukakaa na Mbula miezi ile yote, na aliponirudia alikuwa mnene na ana nyimbo. Sijasahau hata siku moja.

Ila kuna siku nyingine pia sijaisahau. Ni ile niliyoachiliwa. Nilitembea kwa miguu kutoka kambini mpaka kwako, na njia nzima nilikuwa nikijizoeza jinsi nitakavyomwita. Nilifika mlangoni nikamwita. Akajificha nyuma ya sketi yako, hakutoka. Ilichukua siku tatu ndipo akakubali kula mkononi mwangu. Mpaka leo nikimwita akachelewa kuitika, nasikia mtu ndani yangu akisema, huyu haji.

Basi umeshajua ninaloliogopa. Akibaki kwako atashiba na atapendwa. Na siku nitakayorudi nitasimama mlangoni nimwite, naye atajificha tena.

Nilimwandikia Mulei. Amejibu kwamba hilo ni neno la mama na mkwe na yeye hataki kutia mkono. Wanaume. Kwa hiyo nimeamua peke yangu. Jina ni lako, na mtoto alikuwa wako nilipokuwa sina uwezo. Siwezi kwenda nchi ya watu na kilio chako mgongoni. Nitakupa Mbula.

Absalom alisema atamleta kwa lori. Nimekataa. Kama ni kumtoa nitamtoa kwa mkono wangu. Treni haikai sana Ruiru, nami sitashuka, kwa hiyo njoo mpaka ukingoni mwa reli. Tutakuwa behewa la daraja la tatu, nitafunga kitambaa chekundu dirishani ili usitutafute. Nitampitisha hapo hapo dirishani.

Bado sijamwambia. Kila siku anaingia sandukuni anasafiri. Leo amefika Eldoret.

Mkwe wako,
Waithira


Ruiru
Machi 31, 1957

Mwanangu, mwanangu,

Mungu akuzidishie. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa miaka mitatu, na goti limesahau kuuma.

Nilisoma barua yako, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama ndani ya kahawa bila kazi yoyote. Mvua imenyesha siku nne na kahawa yote imechanua, shamba jeupe mpaka chini mtoni, na harufu inaingia hata kwenye uji. Ukisimama katikati ya weupe ule hujui ni asubuhi au ni jioni. Nilikaa humo mpaka msimamizi akaniita jina mara mbili.

Hilo la mlangoni, la sketi, nimelisoma. Leo siwezi kuliandikia.

Nimemshonea mto. Kalondu amenipa manyoya ya kuku wake wa miaka mingi na tumeyachambua pamoja. Kitanda changu nimekisogeza kwenye ukuta ili yeye alale ndani asianguke. Mwalimu wa shule ya shambani amesema mwakani atamwandikisha. Muthokoi nimeutwanga tayari, kwa sababu najua alivyokuwa akiupenda, na mahindi yale nimeyakoboa mpaka yameng'aa.

Nimeanza kumwona. Jana nilikuwa nachambua kunde nikasikia miguu midogo ikivuka mtaro, nikasema, polepole, utaanguka. Hakukuwa na mtu. Kalondu alisema nimezeeka. Nikamwambia anyamaze, naongea na mjukuu wangu.

Nitakuwa stesheni mapema, pale magunia yanapopangwa. Usihangaike na kitambaa. Macho yangu ya karibu yamekwisha lakini ya mbali ni mapya.

Susu ya Mbula


Kamenu, Thika
Aprili 9, 1957

Mama,

Salamu. Tu wazima, siku zimebaki nne.

Absalom anakuletea mzigo wa Mbula leo, ili siku ile niwe na mtoto tu mkononi. Mna magauni matatu, sweta, shuka yake na kikombe chake cha bati. Gauni jipya la maua atalivaa safarini. Kila nilichotia humo nilikitoa kwanza katika sanduku la Jinja, na kila kitu kimeacha pengo la kimo chake. Nimeyaziba kwa magazeti.

Amebadilika tangu ulipomlea, kwa hiyo nakuambia. Haogopi mbwa ila anaogopa bata mzinga. Akilala lazima ashike sikio la mtu, usimwondoe mkono, mwenyewe atauachia akizama. Uji wenye ganda juu hatakunywa, utasema ana kiburi, lakini ni tumbo. Akidanganya hutazama miguu yake. Nywele zake msuke akiwa anakula. Akinyamaza sana asubuhi si ugonjwa, ni ndoto ambayo bado haijamtoka, mwache, ataimaliza mwenyewe na kukusimulia.

Nilimwambia jana. Aliuliza kama Susu naye ana sanduku. Nikasema hapana. Akasema basi atalala wapi akisafiri.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Mama, nawe ni mzazi, kwa hiyo sitaandika zaidi.

Waithira


Jinja, Uganda
Aprili 21, 1957, Jumapili ya Pasaka

Mama,

Kwanza kabla ya salamu: je, u mzima? Nijibu hilo hata kama hutajibu lingine. Sisi tumefika salama. Mulei hajambo, amenenepa.

Hatukukuona. Treni iliposimama Ruiru nilimsimamisha Mbula juu ya kiti, akatoa kichwa na mabega nje ya dirisha, na kitambaa kilikuwa kimefungwa. Niliona magunia. Niliona mwanamke mwenye kikapu cha ndizi, na mzee mmoja wa stesheni mwenye bendera, na nyuma yao kahawa nyeupe imesimama kama ukungu uliokataa kupanda. Wewe sikukuona. Mbula alikuwa akiuliza, yuko wapi, yuko wapi? Niliita. Mama, nitakuambia ukweli hata kama ni Pasaka: niliita mara moja, kwa sauti ndogo. Ningeweza kuita kwa nguvu. Wanawake wa kwetu tunaitana kutoka mlima hadi mlima. Niliita kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Kisha behewa likashtuka, magunia yakaanza kurudi nyuma. Nilimshukuru Mungu. Nilishukuru kabla ya kufikiri lolote, na Makau akaamka mgongoni kwa jinsi nilivyoketi ghafla. Tulipokuwa tumefika stesheni ya Kahawa ndipo nilipoogopa. Nilisema, mama mkwe wangu amekufa njiani akija kumchukua mjukuu wake, na mimi nimefurahi. Nimekaa na hilo mpaka leo. Mabonde yalipita, misitu ikapita, ziwa lenye ndege wekundu, kwa Nafuna tukapita, sikuona kitu. Mbula alikaa dirishani akisema majina ya stesheni alizokuwa amezisafiri sandukuni, moja baada ya nyingine, kama anayerudi kwao.

Nyumba iko kama alivyosema Mulei. Asubuhi unasikia maji. Nguo Mbula hana, zote ziko kwako, anavaa gauni lile la maua na likifuliwa anavaa shati la baba yake. Alisema mara moja tu: "Susu hakuja." Halafu hakulitaja tena, na hilo ndilo linaloniuma.

Nimekosa, Mama. Sijui nimekosa wapi, kwa kumtoa au kwa kufurahi. Andika.

Mwanao,
Waithira


Ruiru
Mei 5, 1957

Mwanangu Waithira,

Mimi ni mzima. Sijafa, na goti ni lile lile. Nimefurahi kwamba mmefika na Mulei amepata mwili. Nguo za mtoto zimo katika kifurushi hiki, Kalondu amekishona kwa uzi wa gunia, utumie kisu.

Nilikuwepo.

Nilifika kabla ya jua kutoka. Nilikuwa nimevaa leso mpya na nilikuwa na muwa wa kumpa. Nilisimama penye magunia kama nilivyosema, kisha jua likawa kali, nikasogea nyuma ya tangi la maji kupata kivuli. Hapo ndipo treni iliponikuta. Nilikiona kitambaa chako, nikamwona yeye, amekua, shingo ni yangu. Nilitoka hatua mbili. Hukuniona kwa sababu ulikuwa ukitazama magunia.

Nikaona mkono wako. Wa kulia ulikuwa chini ya kwapa lake, unamwinua kunipa. Wa kushoto ulikuwa nyuma. Ulikuwa umeushika mshipi wa gauni lake na kuuzungusha ngumini mara mbili, kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi siku ya soko. Nadhani hukujua kama umeushika. Uso wako ulikuwa unanitafuta kweli kweli. Mkono ule haukuwa unanitafuta.

Nikarudi nyuma ya tangi. Nilisikia ulivyoita. Ilitosha, niliisikia.

Sasa nitakuandikia lile ambalo sikuweza. Siku ile ulipotoka kambini ukasimama mlangoni kwangu, umekonda, umenyolewa, ukamwita mtoto, ulisema alijificha nyuma ya sketi yangu. Hakujificha. Alisikia sauti yako akageuka. Mimi nilimshika. Nilikuwa na mkono nyuma, nikakamata nguo yake nikaikaza, naye akadhani kuna hatari, akatulia. Wewe uliona mtoto asiyetaka kuja. Nilikuacha uone hivyo. Siku tatu zile nilikuwa nikimlisha kabla hujaamka ili asiwe na njaa mkononi mwako. Nimekaa nalo miaka hii yote kila Jumapili kanisani, na nilipoona ngumi yako dirishani niliijua, maana ni yangu.

Kwa hiyo mtoto wako hakukukataa hata siku moja. Ukimwita akachelewa, ni kwamba anacheza.

Hujakosa. Usiniombe msamaha, utaniongezea. Shamba limeniuliza mjukuu yuko wapi na nimewaambia amekwenda na mama yake, na wote wameona ni jambo la kawaida. Muthokoi tumekula na Kalondu, siku tano mfululizo, mpaka akaniomba ugali.

Neno moja tu ndilo nataka unifanyie. Usimwache mtoto aseme Susu hakuja. Mwambie nilikuja. Mwambie nilikuwa nyuma ya tangi la maji na nilimwona vizuri, tangu treni iliposimama mpaka ilipopinda.

Mama yako,
Mbula